Mwiko wa Kumfukuza Mwizi

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba mwizi akipigwa na mwiko wa kusongea ugali hatashiba ugali tena maisha yake yote. Atakula wa mtu mmoja, wa watu watano, wa harusi nzima, na bado atauliza kama chakula kimeiva. Habari hii niliipata kwa jirani wa mlango wa pili hapa kwenye ploti yetu Nakuru, mama ambaye watu wake walitoka magharibi, na kwa mambo ya ugali hakuna aliyethubutu kumpinga. Alisema mjomba wake alipigwa hivyo akiwa kijana, akijaribu kuiba kuku, na mpaka leo akifika matanga watu wanaficha sufuria. Fundi wa viatu wa pale langoni, mtu wa Molo, alisema kwao pia wanaijua hiyo, ila kwao kinachoharibika ni ndevu. Mimi niliamini zote mbili. Mtu aliyerudi darasani akiwa na ndevu zake hawezi kuchagua elimu.

Maana wakati huo nilikuwa mwanafunzi. Mchana nilitengeneza makochi, na jioni nilikaa darasani na watu wazima wenzangu tukijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Mwenzangu wa dawati alikuwa na wajukuu. Mtihani wenyewe nilikuja kuupita vizuri hata mwalimu akasoma matokeo mara mbili, akidhani ni ya mtu mwingine. Lakini hapa sizungumzii mtihani. Nazungumzia mke wangu na meza yake ya viazi.

Alikuwa akiuza viazi sokoni. Kila alfajiri alitoka mapema kukutana na lori la kutoka Molo, kwa sababu anayechelewa huachiwa vile vidogo vinavyolishwa nguruwe. Njia ya mkato inapita kando ya reli, kwenye shamba la mahindi ambalo hakuna anayemjua mwenyewe. Asubuhi moja kijana akatoka kwenye mahindi, akasema, "Sasa, mathe," kwa adabu kabisa kama anayemsalimia mama yake, akamnyang'anya mkoba wenye simu, akarudi kwenye mahindi. Mke wangu alifika nyumbani na kiatu kimoja. Hakuumia. Lakini kesho yake hakutoka, na kesho kutwa hakutoka, na akaanza kusema goti linamsumbua, goti ambalo tangu tuoane lilikuwa halijasumbua mtu.

Meza ya sokoni nayo haikai bure. Ukiiacha, aliye kando yako anasogeza kabichi zake kidogo, kesho anasogeza tena, na baada ya muda soko lote linakumbuka kwamba meza ilikuwa yake tangu enzi za babu. Rafiki ya mke wangu, muuza vitunguu, aliifunika meza kwa magunia kisha akanipigia simu.

"Shemeji, mwambie nimemwekea mpaka Jumamosi hii ingine," akasema. "Ikipita hapo, hata mimi nitashindwa. Huyu wa kabichi ameanza kuniita dada."

Nilimpa mke wangu ujumbe. Akaendelea kuchambua mchele. "Nimesikia," akasema. Nikaona tatizo ni moja tu, silaha, na nikajiteua kuwa waziri wa ulinzi.

Nilianza na mwavuli. Mwavuli una ncha, na mtu mwenye ncha anaheshimiwa. Nilimwonyesha jinsi ya kuusukuma mbele, na hapo mwavuli ukafunguka wenyewe ndani ya nyumba, ukakataa kufungwa, tukala chakula cha jioni chini yake kama watalii. Nikahamia soksi. Nilitia ndani kiazi kimoja cha Molo, cha ukubwa wa kichwa cha mtoto, nikakizungusha hewani kumwonyesha uzito wake. Balbu ilipasuka, kiazi kikatoka na kupiga redio, na tangu siku hiyo redio hiyo inashika stesheni moja tu, na ni ya mahubiri.

Pilipili ndiyo niliyoiamini zaidi. Nilisaga mbichi, nikachanganya na maji, nikatia kwenye kile kichupa ninachopulizia vitambaa vya makochi. Nikatoka uani kujaribu. Upepo wa Nakuru unajulikana. Ulikuwa umelala tangu asubuhi, ukaamka wakati huohuo. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza ni nani amefariki.

"Na huyo mwizi," mke wangu akasema, akinimwagia maji usoni, "atakuwa ananingoja nikitafuta upepo unatoka wapi?"

Jirani ndiye aliyesema, akiwa amesimama pale na kanga yake kiunoni, "Nyinyi mnahangaika na miavuli na mwiko uko jikoni?"

Nilishangaa jinsi nilivyoweza kuusahau. Mwiko haufunguki, haupasuki, haupeperushwi. Tena kijana wa mahindi, akiwa amelelewa na mama yeyote katika nchi hii, akiuona tu atafikiria ugali wa maisha yake yote yaliyobaki na kutupa mkoba mwenyewe. Nikapanga mazoezi.

Jumapili baada ya kanisa nilivaa kofia ya kufunika masikio, nikageuza koti ndani nje, nikajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, ambazo ndizo zilikuwa mahindi. Ploti nzima ilitoka na viti. Mke wangu alipita na kikapu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, akitembea kama mtu anayepelekwa kudungwa sindano.

Nikajitokeza. "Sasa, mathe. Toa simu."

"Simu iliibiwa," akasema.

Watu wakacheka. "Basi toa kikapu," nikasema.

"Huyu ni mwizi ama ni mhubiri?" fundi wa viatu akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Boss, mshike mkono. Yule wa mahindi hakuomba."

Nikamshika mkono. Sijui aliona nini, lakini hakuniona mimi. Mwiko ulitoka mahali ambapo sikupaona, ukatua kwenye sikio, shavu na bega, vyote kwa pamoja, na mlio wake ukafika mpaka Njoro, ambako naamini wanafunzi wa chuo waliinuka wakidhani ni kengele ya chakula. Nilianguka ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Nilipotoa kichwa, mke wangu alikuwa bado ameinua mwiko, anahema, na watu wote wanapiga makofi isipokuwa jirani.

"Huo ni ule wa ugali?" jirani akauliza.

"Ndio huo," mke wangu akasema.

"Si wa mboga?"

"Wa mboga uko ndani. Huu ndio wa ugali."

Jirani akakaa chini polepole. "Pole, baba watoto," akaniambia. "Pole sana."

Nikamkumbusha, nikiwa bado ndani ya beseni, kwamba mimi si mwizi halisi, nilikuwa naigiza.

"Mwiko haujui kuigiza," akasema. "Unajua tu umepiga."

Jumatatu jioni nilirudi kutoka darasani, nikakuta ugali wangu umefunikwa kama kawaida. Nilikuwa na tabia ya kula huku nasoma, kitabu cha biolojia kimeegemezwa kwenye kikombe. Nikasoma habari ya utumbo mwembamba, nikanyoosha mkono, nikagusa sahani tupu, na njaa ikiwa palepale. Nilidhani nimekosea sahani. Jumanne ikawa vilevile. Kufikia Jumatano tumbo langu lilikuwa likinguruma darasani hata mwalimu akasimama katikati ya somo na kwenda kufunga dirisha, akidhani ni mvua. Nilimtazama mwenzangu wa dawati akila chapati na machozi yakanilengalenga. Nyumbani sikusema neno. Mke wangu alikuwa na goti lake na Jumamosi yake, nami sikutaka ajue kwamba mkono wake umeniharibu.

Alhamisi nilipeleka makochi Naivasha na dereva mmoja, na wakati wa kurudi tukasimama Kikopey. Dereva akaagiza mbuzi wa kuchoma. Ugali ulipoletwa niliusukuma upande wake kama mtu anayesukuma nyoka, nikala nyama peke yake. Nilishiba. Nilishiba kabisa, mpaka nikalegeza mkanda. Mtu asiyesoma angefurahi akaenda zake. Mimi nilikuwa nimefundishwa kufanya majaribio, na majaribio yalikuwa wazi: nyama haisongwi kwa mwiko, nimeshiba, ugali unasongwa kwa mwiko, sishibi. Sayansi ilikuwa imekubaliana na jirani. Nililia kidogo ndani ya gari, na dereva akafikiri ni pilipili.

Ijumaa mchana nikamfuata jirani, nikamweleza yote. Hakushangaa.

"Dawa iko," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono uleule, mwiko uleule, upande ule mwingine. Ndio isawazike."

Ilinikumbusha hesabu, ambako ukiongeza upande huu lazima uongeze na ule, kwa hivyo sikuwa na swali.

Siku ya Ijumaa hatukuwa na darasa. Tulipomaliza kula, watoto wakaenda kuangalia televisheni kwa jirani, na mke wangu akaanza kuosha vyombo. Nikautoa mwiko kwenye maji, nikaukausha kwa shati langu, nikapiga magoti mbele yake na kumpa shavu lingine.

"Nipige," nikasema.

Akanitazama. "Umekunywa?"

"Sijakunywa. Nipige upande huu, kama ile Jumapili. Usinihurumie."

"Kwa nini nikupige?"

Ikabidi nimwambie. Nikamwambia juu ya mjomba wa jirani na kuku, juu ya sahani tupu ya Jumatatu, juu ya mvua ya darasani, juu ya majaribio ya Kikopey. Nilipofika kwenye majaribio aliegemea ukuta. Nilipofika kwenye kusawazisha aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, mikono ikiwa na povu la sabuni, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Mimi bado nilikuwa nimepiga magoti.

"Wewe," akasema alipoweza, "na kitabu chote hicho cha utumbo."

"Kwa hivyo hutanipiga?"

"Siwezi kukupiga. Ile Jumapili ilinitosha. Nilipokuangusha kwa beseni, hiyo siku nililala vizuri, mara ya kwanza tangu nipoteze kiatu." Akafuta uso kwa kiwiko, akaninyang'anya mwiko, akaurudisha kwenye maji. Kisha akaongea taratibu, bila kucheka, kama mtu anayemweleza mteja bei.

"Sikiza, baba watoto. Mwiko haujakufanya kitu. Tangu niache soko nimekuwa nikipunguza unga kidogo kidogo, na wiki hii nimefika nusu. Watoto siwezi kuwapunguzia, kwa hivyo nimepunguza wako na wangu, na wewe unakula ukiangalia kitabu. Kesho ni Jumamosi. Uamke saa kumi na moja unipeleke mpaka kwa lori, usibebe mwavuli, usibebe kitu chochote, utembee tu kando yangu. Nikiuza, jioni nitasonga ule wa kawaida, na utashiba."