Sahani Tupu za Mzee Sinia

Chakula cha baba nilikula mimi. Nimekana jambo hili zaidi ya miaka thelathini, na huenda ningeendelea kukana kama nisingeingia mwaka jana katika duka moja la Tensta, kitongoji cha Stockholm, wakati mwenye duka akifungua dumu la mawese. Harufu ile ilinirudisha kwenye jiko letu la ghorofa ya sita, nikiwa na miaka kumi na mmoja na mashavu ya kuonewa wivu.

Baba alikuwa mlaji, na alikuwa na heshima zake. Alikula polepole, mbele za watu, akisifia kila tonge. Kwenye harusi zetu hapa Stockholm, Wakongo na Warundi walimwita Mzee Sinia, na akina mama wa jikoni walimwekea kando migebuka mikubwa, samaki wa ziwa la kwetu, ili wamtazame akiimaliza. Mama alitembea kifua mbele, maana sifa zile nusu zilikuwa za mapishi yake.

Majira ya baridi yalipokaribia, baba akaanza kula chakula chake chumbani, akisema kazi imemchosha. Nilipompelekea ugali na samaki, alifunga mlango akanisogezea sahani.

“Nisaidie, mwanangu,” alisema. “Mama yako akiona nimebakiza, hatalala.”

Nilimsaidia. Natamani niwaambie kwamba nilikula huku nikilia. Nilikula kwa hamu, nikaramba vidole. Sahani ilirudi tupu, na kesho yake mama akaongeza ugali. Mimi nikanenepa, baba akavaa sweta mbili. Muuguzi wa shule aliandika barua kwa wazazi wangu kuhusu uzito wangu. Niliwasomea kwamba naendelea vizuri.

Maana mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Kiswidi cha baba kiliishia kwenye salamu, cha mama hakikufika hata hapo. Mama alipompeleka baba kituo cha afya kwa maumivu ya tumbo, nilikaa katikati yao. Daktari aliuliza kama mgonjwa anakula. Mama akawahi kujibu.

“Mwambie anakula kutushinda sote. Sahani hairudi na kitu.”

Baba alinitazama. Hakukonyeza wala kutikisa kichwa, alinitazama tu. Nikatafsiri maneno ya mama yote, bila kuruka hata moja, kwa Kiswidi safi kabisa. Tulirudi nyumbani na vidonge vya kiungulia. Uvimbe wa tumboni ulionekana baada ya miezi mitatu, na kabla theluji haijayeyuka tukamzika.

Wiki ile ile dada yake baba alipiga simu kutoka Kigoma. Alimuuliza mama ni mke gani asiyejua kama mumewe anakula. Mama alisikiliza, akasema jambo kwa sauti ya chini, kisha akanipa mkono wa simu.

“Ati wewe ndiye uliyekuwa ukila chakula chake?” Shangazi aliuliza.

Nikasema hapana. Nikaongeza kwamba hata samaki siwapendi.

Mama alichukua simu, akasikiliza kidogo, akaikata. Hakuniuliza kitu siku ile wala baadaye, nami nikadhani nimeponea. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada mbili ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amekwisha kujua, na kwamba siku ile aliniita niwe shahidi wake. Hakuwa na mwingine. Huko Kigoma alibaki kuwa mwanamke aliyemwacha mumewe afe njaa, kisha akamsingizia mtoto.

Mama naye tulimzika mwaka jana, kabla sijaingia duka lile la mawese. Jioni ya siku niliyotoka dukani nilimpigia Shangazi, nikamweleza yote: chumba, sahani, daktari. Nilisubiri anitukane.

“Mama yako alikuwa akinipigia kila Idi,” alisema. “Sikupokea hata mara moja.”