Jogoo wa Kishingo Mwenye Pete

Kuku wangu ni wabaya wa sura, nasema mwenyewe kabla hajasema mtu. Kuna kishingo, ambaye shingo yake haina hata unyoya mmoja, nyekundu utadhani kamwagiwa maji ya moto. Kuna wale wa manyoya yaliyopinda nje, siku zote kama wametoka kupigana. Jirani yangu hapa Makunduchi alikuwa akinicheka, mpaka alipoleta kuku weupe wa kisasa na joto la kaskazi likawamaliza. Wangu walikuwa wakiparura uani kama hawana habari. Sikumcheka. Kwa kweli nilicheka, lakini nilifunga mlango kwanza.

Baadaye wakaja watafiti, msichana na mwenzake wa kiume, wanatafuta kuku wanaostahimili joto ili wawazalishe. Wakawatoa damu kidogo chini ya bawa. Msichana akanieleza taratibu kwamba ile shingo tupu hupunguza joto la mwili, na kwamba inarithiwa: kifaranga aliyeipata kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo, aliyeipata kwa wote wawili huwa hana kitu. Vile vishada nilikuwa naviona miaka yote. Sikujua kuwa vina maana.

"Bi mkubwa," akaniuliza, "nyumba nyingine tumekuta aina moja au mbili tu. Wewe umewahifadhi vipi wote hawa?"

"Nawapenda tu," nikamjibu.

Uongo mtupu. Hapa kwetu kuku huchinjiwa mgeni, na wanaotangulia ni hawa wenye sura mbaya, maana hakuna anayewaonea uchungu. Kwangu mgeni haji. Mume wangu amekufa, mwanangu wa pekee anaishi mjini, Michenzani, na namsikia kwenye simu tu. Kuku mzima nimle na nani? Tena mwanamke asiye na mwanamume nyumbani akitaka kuchinja hutoka na kisu na kuku wake, akangoja mwanamume apite njiani amchinjie. Sikutaka kusimama pale watu wote wajue kuwa nachinjia tumbo langu mwenyewe. Basi kuku wakazaliana, kila aina, kwa sababu ya upweke wangu. Ningemwambiaje hayo mtoto wa watu?

Nikawaomba wabaki tule pamoja.

"Tushachelewa, bi mkubwa."

Wakawavika kuku wakubwa wote pete za plastiki mguuni, wakaniomba nisichinje hata mmoja mpaka warudi, hasa jogoo wa kishingo, maana ndiye wanayemtaka kwa mbegu. Kumbe watarudi! Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikawa nafagia uwanja kila asubuhi kwa ajili yao, na yule jogoo namlisha mkononi.

Kabla hawajarudi, mwanangu akapiga simu: anakuja, yeye na mkewe na watoto. Nilizunguka uani asubuhi nzima. Ningeweza kupika samaki, lakini samaki ni chakula cha kila siku, na mwanangu haji kila siku. Kumpa kuku dhaifu moyo wangu ulikataa, na aliyenona kuliko wote ni yule niliyemlisha mkononi. Na watafiti wakimkosa jogoo wao, pengine hawataona haja ya kupita tena kwangu. Hilo nililijua vizuri. Mwanangu alipofika nikaikata ile pete kwa mkasi, nikamkabidhi kisu.

Tulimla kwa mchuzi wa nazi. Wajukuu waligombania mapaja, na mkwe wangu akasifu mkono wangu. Laasiri haijaadhiniwa wakaanza kutafuta viatu vyao, eti njia ndefu. Mwanangu akasimama mlangoni akiwatazama kuku waliobaki.

"Mama, kuku wote hawa, kwani huwachinji?"

"Nachinja mkija."

Akacheka sana, akawaambia wanawe kuwa bibi yao anapenda utani, wakaingia garini.