Ukuta wa Jipsam wa Kumficha Mama

Wacha niseme mwenyewe kabla Mama Rukia, jirani yangu, hajawafikia, kwa sababu yeye akisimulia anaongeza mpaka mbwa ambaye hakuwepo. Ukuta wa nyumba yangu hapa Kitale ulianguka mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kanisa, ukamtupa mume wangu miguuni pa mama yangu mzazi, na Mama alikuwa amejifunga kanga tu. Nimekasirika mpaka leo, na wa kwanza kumkasirikia ni mimi.

Kwetu Bungoma mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi sebule moja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwa nyasi ampishe mwenzake. Sasa mimi nilikuwa nimejifungua Nekesa kwa upasuaji, siwezi kuinua hata sufuria, na mtu niliyemtaka ni Mama, basi. Akaniambia kwa simu kutoka Bumula, "Nikuje nilale wapi, kwa kichwa cha mkwe wangu?" Nikamwambia aje tu, nitamkatia upande wake na mlango wake wa nje, hatamwona Baba Nekesa hata kisigino. (Nyumba yetu zamani ilikuwa stoo ya mahindi, ni chumba kimoja kirefu, kwa hivyo kukata ni kukata tu.)

Nikaenda hadiwea kutafuta bodi za jipsam za kukatia chumba. Muuzaji akaniuliza, "Unataka bodi nyeupe ama ya kijani? Ya kijani inavumilia maji." Nikamjibu ni chumba cha kulala, maji ya nini, na hiyo kijani si itatokea chini ya rangi yangu ya maziwa? Akabeba nyeupe. Si angenibishia hata kidogo, bana. Fundi naye akasema bodi ni bodi, akapiga skrubu huku akiimba, na jioni nikawa na ukuta laini kama shavu la Nekesa.

Kitu nilichosahau ni vile Mama huogesha mtoto. Yeye haogeshi kwa beseni juu ya meza kama watu wa kliniki. Anaketi sakafuni, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya miguu na kumwaga maji ya moto kama mtu anayeosha ng'ombe wa kupeleka sokoni, asubuhi na jioni, na hayo maji yote yanakimbilia ukutani. Haukupita muda, ukuta ukaanza kufura chini kama andazi. Ningesema hapo. Lakini nilijua nikisema, Mama atafunga mzigo arudi Bumula, nibaki na kidonda changu na mtoto, kwa hivyo nikanunua karatasi ya maua ya kubandika nikaficha aibu. Ikapendeza mpaka Mama akaisifu.

Halafu Baba Nekesa, bila kuuliza mtu, akatundika televisheni kwa upande wake wa ukuta huohuo, ati ndipo soketi ilipo.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja kuona mtoto, na Mama Rukia akaleta uji. Mama akavua kitambaa cha kichwa, akajifunga kanga, akaketi kuwaonyesha vile watoto huogeshwa kwetu. Upande wa pili mume wangu alikuwa anatazama mpira. Akaona televisheni inainama, akaruka kuikumbatia, na badala ya kurudi nyuma akaenda mbele, na ile bodi wakati huo ilikuwa kama mkate uliochovywa kwa chai. Akapita nayo. Akaanguka kwa magoti na kaptura na soksi moja, mweupe wa unga kutoka nywele hadi nyusi, amekumbatia televisheni kama mtoto wake wa pili, na mtangazaji ndani yake anaendelea kutangaza kona.

Akafumba macho, akamwambia Mama, "Mayi, sijaona kitu."

Mama akamkumbatia Nekesa, akanyakua beseni akajifunika kichwa, maji yote yakamshukia. Akasema kutoka mle ndani, "Mwambieni huyo arudi alikotoka."

"Atarudi wapi," Mama Rukia akasema, "na ukuta amekuja nao?"

Mama mmoja akasema tuombe, akacheka kabla hajafika Baba Yetu.

Mimi sikucheka, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kukunja nguo zake na kuzitia kwenye mfuko. "Nimeonekana, mwanangu. Hapa silali tena." Nikalia mpaka kidonda kikauma. Mama Rukia ndiye alimpokonya ule mfuko: "Lala kwangu, Mama. Kwangu hakuna mkwe, kuna kuku tu."

Basi Mama alibaki, na siku hizi Nekesa anaogeshwa barazani kwa Mama Rukia. Mume wangu alituma blanketi la kuomba radhi kupitia kwa akina mama. Mama alilipokea akageukia pembeni: "Mwambieni ni zito kuliko ukuta wake."

Nimerudi hadiwea. Kuanzia sasa sinunui bodi kabla sijasema nani anaketi upande gani, nani anamwaga maji, na nani hapaswi kumwona nani, na walio nyuma yangu kwa laini wangoje. Nilimsimulia yule muuzaji yote. Akatikisa kichwa: "Dada, si ungesema hivyo siku ya kwanza." Nilitamani kumpiga na ile bodi, lakini ilikuwa ya kijani, na naihitaji.