Barafu Nyepesi ya Maman Adélaïde

Kwa miaka kumi na mmoja Maman Adélaïde wa Cimpunda aliwauzia barafu mama wauza samaki wa soko la Kadutu. Karibu wote walimhama ndani ya juma moja tu, kwa ajili ya bakuli la maji.

Bakuli lilikuwa la Firmin, jirani aliyenunua frigo kubwa ya kugandisha mwaka huo akaanza naye kuuza barafu. Alitia ndani kipande cha barafu ya Adélaïde mbele ya akina mama wote.

"Muone, inaelea! Iko na upepo ndani. Anawauzia upepo. Mimi sipunji mutu."

Hakuna aliyemwomba atie na yake. Jina "Maman Upepo" likamfuata Adélaïde hadi kanisani. Alijua kwamba barafu yote huelea: maji yakiganda hutanuka, uzito ukibaki uleule. Akajua pia kwamba Firmin halijui hilo, akatulia kungoja.

Firmin akapata kazi ya kuandaa vinywaji vya arusi moja mtaani. Siku moja kabla, Adélaïde na Sophie, muuza samaki pekee ambaye hakumhama, walimwona uani akimimina maji ya maracuja, tunda la pasheni, katika chupa themanini za kioo.

"Ninajaza mpaka ku kizibo!" alijigamba. "Kwangu hakuna upepo!"

Kisha akazipanga ndani ya frigo zilale humo mpaka asubuhi.

"Maman Adé, zitapasuka," Sophie alinong'ona. "Hautamuambia?"

"Nimuambie nini? Si ye ndiye fundi wa barafu nzito?"

Asubuhi Firmin alifungua frigo akakuta vioo vilivyopasuka vimeshikamana na barafu ya njano. Saa nne alikuwa mlangoni kwa Adélaïde, kidole kikivuja damu, na nusu ya mtaa nyuma yake.

"Maman, unisaidie barafu. Nitanunua vinywaji vingine, niviweke baridi. Watu wa arusi watanimaliza."

Adélaïde akaleta bakuli la maji. "Tia kipande cha barafu yako."

Firmin akakimbia kwake kukileta, akatia. Kikaelea.

"Iko na upepo?"

"Hapana, maman."

"Sasa inaelea kwa sababu gani?"

Firmin akakizamisha kwa kidole; kikaibuka tena. Adélaïde akamfundisha taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: maji yakiganda hutaka nafasi kubwa zaidi; ndiyo maana barafu ni nyepesi kuliko maji ya kipimo kilekile, na ndiyo maana chupa iliyojaa hupasuka. Akamtaka arudie kwa sauti. Akarudia. "Tena, wa nyuma hawajasikia." Akarudia tena, na akina mama wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Vizuri. Umejua."

"Na barafu, maman?"

"Yote imeenda ku arusi. Shangazi ya bibi-arusi alipitia hapa saa mbili. Nilimuambia ulijaza chupa mpaka ku kizibo, kwamba zitakuwa zimepasuka, akanipa kazi mimi."

Sophie, aliyesimama kati ya akina mama, hakucheka; alikuwa akikitazama kidole cha Firmin. Adélaïde alimwona, akafunga mlango, akaenda kuvaa kitenge cha arusi.