Transista Mbovu ya Mzee Athmani

Nakumbuka Ijumaa moja kule Bofu, Likoni, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kunitosha mimi na jirani, nilipofungua chombo cha mtu nikakitengeneza bila kuambiwa. Hilo ndilo jibu langu kwako, Mwanangu Mariamu, kwa swali uliloniuliza juzi hapa Mjambere, uliponiwekea mezani sinthesaiza yako, hicho chombo cha kutoa muziki kwa umeme, na waya zake chungu nzima. Ulisema wenzako wanakushauri uutoe ule umeme wa kubahatisha, unaogeuza noti bila mpango, ati unaupotosha wimbo. Nikakuambia nipe siku mbili nifikiri. Nilikudanganya. Sikuwa na la kufikiri, nilikuwa na la kuona haya.

Nilikuwa mwanagenzi wa Mzee Athmani, fundi wa redio. Kutwa tulitengeneza redio za watu, na kazi ikipoa alikaa na kisanduku chake. Sinthesaiza za kununua hatukuzijua. Yake aliijenga mwenyewe kwa vipande vya redio zilizokufa, kila kipande na kazi yake, akaviunganisha kwa waya za kuchomeka na kuchomoa, vile vile kama yako. Umeme ukizidi sauti ilipanda, ukipungua ilishuka. Hayo wayajua, sina haja ya kukufundisha.

Kisanduku kilijipigia chenyewe wimbo mmoja mfupi, ukiisha kikauanza tena. Lakini mle ndani mlikuwa na transista moja mbovu, kile kipande kidogo cha kukuza umeme, iliyovuma muda wote. Kwa kila pigo, kisanduku kilichota umeme kidogo katika ule mvumo, kama mtu achotaye maji mtungini bila kutazama kata imejaa kiasi gani, kikauongeza kwenye wimbo. Basi wimbo ulikuwa ule ule, na haukuwa ule ule. Mara noti ichelewe, mara ipande usipotarajia, mara inyamaze kabisa kisha irudi. Mzee aliuwekea mipaka umeme ule, usitoke nje ya sauti tano alizozichagua. Mimi nilisikia huko kutangatanga nikadhani ni ugonjwa. Tena nilimwonea huruma Mzee wangu, fundi mzima ashindwe na mvumo!

Mkewe alikuwa ameshafariki, na mtoto alikuwa naye mmoja tu, Mwanajuma. Binti huyo alipoposwa na kijana wa Changamwe, Mzee hakufurahi. Sababu ya maana hakuwa nayo. Alimwona kijana mcheshi kupita kiasi. Akakataa, akasita, mwisho akakubali huku akinung'unika kuwa mtoto akililia wembe mpe.

Sasa siku ya hina, wajua, ni ya wanawake. Mwanamume hana mlango wa kuingilia, hata akiwa baba. Na bibi arusi huyu hakuwa na mama wa kukaa kando yake. Siku chache kabla, Mzee alimwita dukani, nami nikiwapo.

"Mama yako hayupo, nami siwezi kuingia," akamwambia. "Nitakuwekea kisanduku, kicheze chenyewe. Kisikilize, mwanangu. Kitakachosema ndicho kilicho moyoni mwangu."

"Haya, baba," akajibu Mwanajuma, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Hina ilikuwa Jumamosi, Mtongwe, nyumbani kwa Bi Rukia, dadake Mzee. Ijumaa Mzee akaenda msikitini, nami nikajisingizia tumbo nikabaki dukani. Nilitaka kumfurahisha, Mungu ni shahidi wangu. Redio yoyote iliyovuma namna ile tuliibadilisha transista ikapona, na mteja akaenda zake akitushukuru. Basi nikaing'oa ile mbovu, nikalehemu mpya, na ya zamani nikaitupa kwenye takataka ambazo jirani alizichoma alasiri ile. Nikakiwasha kisanduku. Mvumo haupo, sauti safi. Nikakisikiliza dakika moja. Dakika moja tu, Mwanangu, nikaridhika na nafsi yangu, nikakifunga. Usilolijua ni usiku wa giza, nami nilitembea gizani nikipiga mluzi.

Jumamosi baada ya adhuhuri tuliketi mimi na Mzee barazani kwa Bi Rukia, ukuta mmoja tu ukitutenga na wanawake. Alikuwa amevaa kanzu mpya, ingawa hakukuwa na wa kumtazama. Kisanduku kikaanza, vigelegele vikapigwa. Mzee akainamisha kichwa akitabasamu, akingoja wimbo ugeuke.

Haukugeuka. Ukaisha, ukaanza, kila noti mahali pake, mara ya tano, mara ya kumi. Nikaliona tabasamu likimtoka kidogo kidogo. Ndani, gumzo la wanawake likapanda hata likakizidi chombo. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya.

Bi Rukia akachungulia mlangoni. "Kaka, chombo chako chasema neno moja tu tangu kianze. Watu washachoka. Tutie kaseti?"

"Tieni," akasema Mzee.

Kaseti ikatiwa, wanawake wakashangilia. Mzee akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Ulikigusa?"

Nafasi ndiyo ile. Ningesema ni mimi, angemwita dadake pale pale, naye angeingia kumweleza bibi arusi, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Nikasema, "La, wallahi." Na kiapo juu.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatatu alikifungua kisanduku. Akaitazama transista mpya, akayatazama matone ya lehemu, manene, kama nilivyozoea kuyaacha siku zote na yeye kunisuta.

"Huu mkono wako," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Ilikuwa ikivuma."

"Wadhani mimi sikuusikia? Nilijaribu kopo zima la transista kabla ya kuipata ile. Nyingine zilipiga kelele tu. Ile ilikuwa na mvumo unaofugika. I wapi?"

"Imeungua na takataka."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. "Kosa la mkono hutokea," akaniambia, "hata mimi nimeunguza redio za watu. Lakini uliketi nami pale, ukaniona nilivyokuwa, ukaapa. Hilo silo la mkono."

Hakunifukuza. Wala hakumwambia mtu, kwa kuwa habari ile ingetoka ningekuwa mharibifu na mwapaji wa uongo Likoni nzima, na hakuna duka ambalo lingenipokea. Alinisitiri. Lakini kisanduku hakukiwasha tena. Kwa miaka nilimpelekea transista mbovu nilizookota kwa wauza vyuma chakavu. Alizipokea, akanishukuru, akazitia kwenye droo na kuendelea na redio iliyo mbele yake.

Alipofariki, Mungu amrehemu, nilikuwa na duka langu na mvi zimeanza. Hitima iliposomwa na watu wakatawanyika, nikajikaza nikamwendea Mwanajuma, naye keshakuwa mama wa watoto wanne na mume wake yule yule mcheshi. Nikamsimulia yote, tangu Ijumaa hadi kiapo. Nilidhani atacheka, mambo ya kale. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilijua ni yeye."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Aliniambia kitakachosema ndicho kilicho moyoni mwake. Nilikuwa nakijua kisanduku kile tangu utotoni, hakikuwahi kurudia neno. Siku yangu kikasema lile lile moja, kikazimwa. Nikajua hajaniridhia. Miaka kumi na tisa, kila Idi nikimpa mkono, najiambia moyoni, huyu baba yangu hana radhi nami."

"Na hukumwuliza?"

"Ningemwulizaje? Na angejibu ndiyo?"

Mzee, maskini, bila shaka alidhani binti ameelewa kuwa chombo kimeharibika. Hakumweleza, kwa sababu kueleza kungenitaja mimi. Alinifunika kwa nguo yake mwenyewe, na mtoto wake akabaki kwenye baridi. Wote wawili wakaishi hivyo, wakipendana, kila mmoja upande wake.

Mwanajuma alinisamehe siku ile ile, tena akanipa kahawa kwa mkono wake. Lakini Idi za miaka kumi na tisa hakuna fundi wa kuzirudisha. Wasemao majuto ni mjukuu hawakukosea, ila hawakusema kwamba mjukuu huyo hakui, hahami, wala hamwachi babu yake alale mchana.

Basi sikiliza, Mwanangu. Umeme wako wa kubahatisha usiutoe. Upunguze ukitaka, uwekee mipaka kama alivyofanya Mzee, maana ukiuachia wote utakuwa fujo, na wenzako watakuwa wamesema kweli. Lakini uache wa kutosha wimbo upumue. Na kabla hujasema kipande hiki ni kibovu, kikalie siku nzima ukikisikiliza, usikae dakika moja kama mimi. Chombo cha mwenzio ndicho usikiponye kabisa kabla hujamwuliza mwenyewe anaumwa nini. Kuuliza si ujinga, nami ningeuliza neno moja tu Ijumaa ile nisingekuwa na haya ya kukusimulia leo. Ukikosea, na utakosea, sema siku ile ile, aibu ikiwa bado changa na ni yako peke yako. Ukinyamaza, kuna mtu usiyemfikiria atakayekaa na kunyamaza kwako akakupa maana yake, na maana hiyo itamla.

Mola akupe masikio ya subira na ulimi usioogopa kukiri. Akupe radhi za wazazi wako, na ukiingiwa na shaka nazo hata chembe, akupe ujasiri wa kuwauliza wangali hai. Enda salama, mwanangu. Amina.