Injini ya Hewa Nyepesi

Siku Ludovick alipokwenda Ipagala, pembeni mwa Dodoma, kumtafuta fundi Seth, alikuwa amejiandaa kuvutana bei. Alikuwa na kiwango chake kichwani, juu yake kingine, na juu ya hicho kulikuwa na kile ambacho angekikubali akiwa ameshafika getini kuondoka. Hakuna hata kimoja kilichotumika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Gari gani?"

"Datsun ya michezo, milango miwili, ya mwaka sabini na mbili. Nataka injini ishushwe, ijengwe upya, iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani."

Seth alikuwa na miaka sitini na ushee, mrefu na mkavu kama bua la mtama lililosahauliwa shambani. Hakuinua macho kutoka kwenye kabureta aliyokuwa akiipuliza. Alitaja ujira. Ulikuwa chini hata ya kile kiwango cha kwanza cha Ludovick.

"Ila nina sharti," Seth akaongeza. "Injini yako siifungui kama haupo. Boliti ya kwanza mpaka ya mwisho, wewe umeketi pale. Tukifunga, unaweka alama yako. Ukirudi, unatazama alama kwanza, ndipo tunashika spana."

"Mzee, mimi ni dalali. Nikikaa hapa kutwa nitakula nini?"

"Basi peleka kwa wasio na masharti. Chang'ombe hapa hapa mjini wamejaa."

Ludovick alitoka nje kufikiri. Katika biashara zake alikuwa amejifunza kwamba mtu anayekupa rahisi ana sababu, na sababu hiyo uijue kabla hujatoa mkono mfukoni. Alimuuliza Devota, aliyekuwa akiuza chai na chapati mkabala na geti la fundi.

"Zamani alikuwa fundi mkuu kwenye gereji moja mjini," Devota alisema huku akigeuza chapati. "Mteja akadai amebadilishiwa pampu. Mzee akalala mahabusu siku tatu. Pampu ikaja kuonekana kwa dereva wa huyo huyo mteja. Unadhani kuna aliyekuja kumwomba radhi? Tangu hapo hagusi injini ya mtu akiwa peke yake."

"Na bei mbona ya kutupa?"

"Nani atakaa wiki nzima kumtazama mtu akifungua boliti? Mke wake alishafariki, mwanawe Debora ameolewa Sumbawanga. Anapata gari tatu kwa mwaka, nne zikizidi."

"Kwa hiyo anashusha bei ili watu wakubali kukaa naye."

"Kaka, mimi nauza chai. Hayo umeyasema wewe."

Ludovick alirudi ndani akakubali. Hakuwa na njia nyingine. Gari lile alilinunua Mpwapwa kwa warithi wa daktari wa mifugo, likiwa bandani, kuku wakitagia kwenye kiti cha abiria. Ili kulipata aliuza Noah yake na kiwanja cha Nala, vyote viwili. Mnunuzi alikuwa mmoja tu: Optatus, mkandarasi wa Dar es Salaam anayekusanya magari ya kale. Huyo alikuwa amemwambia kwenye simu, "Magari ya kupigia picha ninayo. Mimi nataka linalokimbia. Likinivunja shingo, nakupa bei yako. Lisipokimbia, warudishie kuku nyumba yao." Optatus asipolichukua, Ludovick angeanza upya, na akiwa na miaka arobaini na saba hakuona pa kuanzia.

Wakapanga Jumatano na Jumamosi. Injini iliposhushwa, Ludovick alinunua chupa ya rangi nyekundu ya kucha. Kila walipofunga siku, alichora mstari kutoka kichwa cha boliti kuvuka hadi kwenye chuma chenyewe. Boliti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika.

Seth alicheka mara ya kwanza alipouona. "Wengine huweka chaki. Wewe umeipaka kucha kama mchumba."

"Mchumba wangu ameshakula kiwanja kizima. Acha apendeze."

Ilikuwa kazi ndefu. Seth alisema klenki ya gari lile, ule mhimili unaopandisha na kushusha piston, ilikuwa na hatua fupi, na kwamba Nissan Patrol za zamani za petroli zilikuwa na injini ya ukoo huo huo, ila kubwa zaidi. Wakaenda Mtera, ambako Patrol ya mfanyabiashara mmoja wa samaki ilikuwa imelala juu ya mawe miaka kumi. Ludovick aliponda bei mpaka yule bwana akauliza kama anataka na samaki wa bure. Wakarudi na bloki na klenki vikinuka perege, Seth kavishikilia kwa mkono njia nzima kama mtu anayemrudisha mgonjwa kutoka hospitali.

Siku za kazi walizungumza kidogo. Seth alipima, akafuta, akapima tena. Wakati mwingine saa nzima ilipita kwa "nipe ile" na "hapana, ile nyingine". Ludovick alikuja na simu mbili ili afanye udalali akiwa ameketi, lakini taratibu akawa anaziweka kimya. Hakuwa na haraka ya kurudi Chang'ombe. Chumba chake kilikuwa na kitanda na jiko la gesi. Mkewe Evarista alikuwa Moshi, na alishasema vumbi la Dodoma halimpati tena. Saa kumi Devota alileta chai bila kuagizwa, vikombe viwili.

Siri ya nguvu ilikuwa kwenye silinda hedi, kile kifuniko kinachoziba silinda kwa juu. Seth aliipeleka kwenye mashine, uso wake wa chini ukapunguzwa, Ludovick akiwa amesimama pembeni kama sharti lilivyotaka, kisha akaupima kwa kidole na kuridhika.

"Huku kwetu juu hewa ni nyepesi," alisema. "Silinda haishibi. Kwa hiyo nafasi ya mlipuko naibana, kile kidogo inachopata ikigandamize vizuri. Mtu wa pwani akibana hivi, injini inajiua. Huku inaruka."

Na kweli iliruka. Walipoijaribu Alhamisi barabara ya Kondoa, baada ya Msalato, Ludovick alikanyaga mafuta gia ya pili na kisogo chake kikagonga kiti. Mlio wa silinda sita ukatandaa kwenye nyika hadi wachunga mbuzi wakasimama kutazama. Seth, kwenye kiti cha abiria, alikuwa amefumba macho, akisikiliza.

"Optatus anakuja Jumatatu," Ludovick alisema waliporudi. "Anaondoka nalo kwa barabara."

Seth alifungua macho. "Kwenda wapi?"

"Dar, wapi tena?"

"Hii si ya kushuka pwani. Akipita Morogoro hewa inakuwa nzito, silinda inajaa, petroli inalipuka kabla ya wakati. Itagonga kama mtu anayevunja mlango. Kabla hajafika Kibaha, piston imetoboka. Nipe siku, niweke gasketi nene ya shaba chini ya hedi. Itapungua nguvu, lakini itafika."

"Ikipungua hainunui."

"Basi mwambie. Achague mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mzee, nimesema nitamwambia."

Ludovick alipaka mistari yake myekundu kwenye boliti zote, akafunga boneti, akaliacha gari uani.

Jumatatu Optatus alishuka kwenye treni ya umeme, mtu mnene wa furaha, miwani ya jua juu ya kipara. Akashika usukani, Ludovick kando yake. Wakapita Msalato. Gari lilikimbia. Lilikimbia vizuri, laini, bila kusita. Lakini kisogo cha Ludovick hakikugusa kiti, naye akajua kuna kitu.

Optatus aliegesha. "Inakimbia, sikatai. Lakini kwenye simu uliniapia itanivunja shingo. Shingo yangu hii hapa."

"Hebu nione mafuta," Ludovick alisema. Akainua boneti peke yake. Mistari myekundu ilikuwa imekatika kwenye kila boliti ya hedi, nusu ikitazama huku, nusu kule. Katikati ya chuma na chuma kulikuwa na ukingo mpya wa shaba unaong'aa.

Alifunga boneti polepole. Mbele ya mnunuzi mtu haulizi swali ambalo hajui jibu lake.

"Iko sawa," akasema. "Taja."

Optatus alitaja. Walivutana pale kando ya barabara, lakini Ludovick alikuwa anavuta kamba bila pa kukanyagia. Bei yake ilipunguzwa milioni tano. Mtaji wake ulirudi, na juu yake kidogo. Saa sita Optatus alikuwa ameshaondoka, mkono nje ya dirisha.

Ludovick alimkuta Seth ameketi, mikono mitupu.

"Umefungua bila mimi."

"Jana, ulipokuwa kanisani. Gasketi nilishaikata wiki iliyopita."

"Miaka yote hiyo hujavunja sharti lako, umekuja kulivunja kwangu?"

"Ningekuita ungekuja?"

Ludovick alivuta kile kiti alichokalia siku zote, akaketi.

"Ningemwambia," akasema.

"Akiwa Chalinze, amesimama na moshi."

"Umenikata milioni tano, mzee."

"Kata kwenye ujira wangu."

Ujira wote haukufika hata nusu ya milioni tano. Ludovick alihesabu noti zote, akazilipa kamili. Haikuwa huruma: angekata, Devota angejua kabla ya jioni, na dalali anayedhulumu mafundi haaminiwi tena na mtu. Seth alizipokea bila kuhesabu.

"Keshokutwa Jumatano," Seth alisema.

"Hakuna gari, mzee."

"Ndiyo. Najua."

Usiku ule Optatus alipiga simu. Gari limefika, halikukohoa hata mara moja. Baada ya wiki mbili akapiga tena: ana marafiki watatu wenye magari ya kale, wote wameusikia ule mlio, wanamtaka yule fundi. Wangemlipia chumba Dar mwezi mzima na ujira mara nne. Ludovick alishaona fungu lake la udalali. Akampigia Seth.

"Waje wao," Seth alisema. "Walete magari, wakae."

"Mzee, hao ni watu wenye kazi zao."

"Mimi pia nina kazi. Waje wakae."

Optatus alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Nani ana wiki tatu za kukaa kwenye kiti Ipagala kutazama boliti?" Marafiki wakapata fundi mwingine huko huko, na Ludovick akakosa fungu lake.

Hivyo ndivyo walivyoachana. Gari linatembea Dar, zima. Seth alilipwa alichotaja, na jina lake linatajwa mahali ambapo yeye mwenyewe hatafika. Devota anasema mwaka huu mzee amepata gari mbili tu, na mwenye moja alichoka siku ya pili akaja kulivuta kwa kamba. Ludovick hajarudi, hana cha kupeleka, na yule mzee si mtu wa kutembelewa bila injini. Kwa fedha iliyopatikana alinunua Kirikuu mbili za kubebea mizigo, na zinamlipa. Zikiharibika anazipeleka kwa vijana wa Chang'ombe, ambako unaacha ufunguo mezani na kuondoka.