Nilimwambia Fundi Aitupe Leso Iliyokuwa Ndani ya Kiti cha Pikipiki

Admin, nakuomba unisitiri. Mume wangu anafuata hii page, na akijua ni mimi leo nitalala kwetu.

Nina miaka thelathini na moja, nina saluni ndogo huku Umoja, na niko kwa ndoa mwaka wa pili. Mume wangu nilimpata amefiwa na mke, ana mtoto mmoja, Neema, wa miaka sita. Majirani wa ploti yetu wana maudhi. Marehemu mpaka leo wanamwita Mama Neema, mimi naitwa "yule wa saluni". Nachemka ndani lakini nacheka nao.

Sasa kilichonimaliza si picha ya marehemu ukutani. Ni pikipiki. Si hizi za boda, ni zile kubwa ndefu za kuendesha umeegemea nyuma kama uko kwa sofa. Ni ya kitambo, imejaa kromu, na asubuhi lazima aibembeleze ndio iwake. Kila Jumapili anaipangusa na soksi kuukuu akiisemesha pole pole, mimi nimesimama mlangoni na chai inapoa. Kile kiti cha nyuma kilikuwa cha marehemu. Waliendanga nayo mpaka Kakamega wakiwa wawili, na kila mgeni lazima ahadithiwe. Mimi nikipanda nahisi nimekalia nafasi ya mtu. Jamani, niliichukia!

Kwa hivyo aliponiambia anafikiria kuibadilisha, moyo uliruka. Tulienda kuona mpya. Weh! Hiyo hata ufunguo haina, unabeba tu kidude mfukoni na inawaka. Ina skrini ya kukuonyesha njia, inakutajia anayekupigia simu, na mikono ikishikwa na baridi inakupasha joto. Mume wangu aliizunguka mara mbili bila kuigusa. "Ni nzuri," akasema, "lakini hii ikiharibika mimi nitafungua nini? Ile yangu naijua kila nati." Kisha akaniangalia. "Chagua wewe. Ile utachagua ndiyo tutapanda."

Nilisema mpya kabla hajafunga mdomo.

Mnunuzi wa ile ya zamani akapatikana, anakuja Jumamosi hii. Lalamiko lake lilikuwa moja tu, kiti kimechanika. Nikajiambia huyu asije akabadilisha mawazo kwa sababu ya kiti. Jumatatu mume wangu akiwa kazini Industrial Area, nikamwomba jirani anifungulie kiti, nikakipeleka Kariokor kwa fundi wa ngozi. Akakifumua mbele yangu. Chini ya ngozi, juu ya sponji, kulikuwa na leso ya kujifunga imekunjwa vizuri. Nyekundu, ya maua meusi, imepauka. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Mama, hii niirudishe ndani?" fundi akauliza.

"Tupa," nikasema. Tena nilisema kwa raha, sitawadanganya.

Jioni mume wangu akakuta kiti kinang'aa. Akakipapasa, akauliza kwa sauti ya chini, "Fundi alifungua ndani?"

"Hapana, ameshonea juu tu." Sijui huo uongo ulitoka wapi.

Akashusha pumzi, akanikalisha chini, akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Kwao, baada ya mazishi kuna siku ya kugawa nguo za marehemu. Mashangazi walikuja na mifuko wakabeba kila kitu, mpaka sweta ya kanisa. Yeye akawahi leso moja tu, ile Neema alibebwa nayo akiwa mchanga, akaishonea ndani ya kiti mahali shangazi yeyote hangefikiria kuangalia. "Nilimwekea Neema," akasema. "Hana kitu kingine cha mamake. Jumamosi kabla mnunuzi hajafika nitafungua niitoe. Pikipiki iende, sina neno. Nilikuwa naogopa tu kukwambia, nikidhani utaona wivu."

Mimi! Nione wivu!

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Kariokor. Fundi alikuwa ameshaikatakata vipande vya kupangusia gundi. Alinipa kipande kimoja, kimekauka kwa gundi. Nikatoka hapo mbio hadi soko la Muthurwa, nikazunguka mpaka nikapata nyingine inayofanana, nyekundu na maua meusi. Nikaifua na sabuni kali mara nne, nikaianika juani ipauke. Mpango wangu ulikuwa niiingize kwa kiti kabla ya Jumamosi, nife na siri yangu.

Jana Neema alitoka shule akaikuta kwa kamba. Akaishika, akauliza, "Hii ni yako?"

Nikasema ni yangu. Ningesema nini?

"Basi nibebe nayo, vile Mama Shiro anabeba mtoto wake."

Hajawahi kuniomba kitu kama hicho. Nikamfunga mgongoni, mtoto mzima, miguu inaning'inia, tukazunguka ploti akicheka mpaka anakohoa. Mama Shiro, jirani yetu, akatuona akiwa dirishani, akaita kwa nguvu, "Haiya! Na leo Mama Neema amebeba mzigo!"

Hilo jina nimelingoja mwaka wa pili sasa, nikilionea wivu kila siku. Nilipoitwa nilishindwa kuitika. Niliingia ndani nikalia na mtoto bado yuko mgongoni.

Leo ni Alhamisi. Leso iko hapa mapajani mwangu nikiandika. Nikiiweka kwa kiti, Jumamosi baba yake ataitoa, Neema ataitambua na atasema ni ile nilimbebea jana. Nikisema ukweli, najua vile mume wangu ataniangalia, na hata pikipiki mpya sitaki tena kuiona. Nyinyi mnaosoma, msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Nishaurini, huyu mwanaume nimwambie vipi kwamba kitu cha pekee alichomfichia mtoto wake, mimi ndiye niliyesema kitupwe?